Nani Atamsubiri?

Mpwa wangu ana umri wa miaka 16 na urefu wa futi sita na inchi tano. Nilimpima mwenyewe nilipokwenda likizo Madimba. Nilimsimamisha kwenye mlango wa nyumba ya dada yangu, nikaweka alama ya mkaa juu ya utosi wake, kisha nikaipima alama hiyo kwa futikamba ya jirani aliye fundi seremala. Watu walikuwa wamejaa uani. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hasheem mwenyewe huyo!" na wote wakacheka isipokuwa dada. Yeye alikuwa ameshafanya hesabu zake.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amefika kijijini mtu mmoja mwenye pikipiki na begi la makaratasi. Alijitambulisha kuwa ni wakala wa vipaji. Alimtazama kijana, akampiga picha kwa simu, akasema urefu ule ni mtaji unaooza bure kijijini. Angempeleka Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam angempeleka Marekani. Kilichotakiwa ni shilingi milioni mbili na nusu za kuanzia: pasipoti, vipimo vya afya, na "gharama za kufungua faili". Dada hana fedha hizo. Ana mikorosho aliyoachiwa na mama yetu, na tayari alikuwa amepata mtu wa kuipokea rehani. Kilichobaki ni neno langu.

Kwetu, kama ilivyo kwa makabila mengi ya kusini, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya mtoto wa dada yake. Sheria za nchi, dini na maisha ya mjini vimeipunguza kauli hiyo, lakini haijafutika. Isitoshe mimi ndiye "Daktari" wa ukoo. Wapo wazee ambao hadi leo huniletea magoti yao niyatazame, na nimechoka kueleza kwamba shahada yangu ya uzamivu haihusu magoti. Basi nilikalishwa kwenye mkeka, nikapewa dafu, nikaambiwa: "Mdogo wangu, sema. Mtoto aende au asiende?"

Sikuweza kujibu siku hiyo. Nilichoweza ni kuwasimulia habari za yule waliyekuwa wakimtaja. Jina lake wote walilijua, lakini yaliyompata hawakuyajua vizuri. Na nilipokuwa nikiyasimulia nilitambua kwamba hata mimi nimekuwa nikiyasimulia vibaya kwa miaka mingi.

Asubuhi ya Ijumaa, Juni 26, 2009, Dar es Salaam iliamka na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa kifo cha Michael Jackson. Ya pili ilikuwa ya Mtanzania. Saa chache baada ya kifo hicho, wakati sisi tumelala, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyepitia Shule ya Sekondari Makongo, alikuwa ameitwa jina mjini New York na kuwa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika drafti ya ligi ya mpira wa kikapu ya NBA. Kwenye daladala nililopanda abiria waligawanyika kati ya msiba na fahari, na wengine walikuwa na yote mawili kwa pamoja. Kondakta alitangaza kwamba sasa Tanzania imefika. Nakumbuka niliamini.

Dada akaniuliza drafti ni nini, kwa maana yeye anaijua ile ya vizibo vya soda inayochezwa chini ya mwembe. Nikamweleza kwamba Wamarekani wana utaratibu ambao ungewashangaza viongozi wa klabu zetu. Timu inayofanya vibaya haishushwi daraja, bali huwekwa mbele katika foleni ya kuchagua vijana wapya, ili aliye dhaifu apate nafasi ya kujijenga. Kinachochanganya kidogo ni bahati nasibu inayopanga nafasi za juu. Fikiria kama Ndanda wetu, badala ya kushuka daraja mwaka 2020, wangepewa ruhusa ya kuchukua chipukizi bora wa nchi nzima kabla Simba na Yanga hawajafungua mlango. Vijana waliokuwa wamesimama pembeni walisema huo ndio ujamaa wa kweli. Sikuwabishia.

Timu iliyomchukua Hasheem ilikuwa Memphis Grizzlies, na ilikuwa mahututi. Msimu wa timu katika ligi ile ni michezo 82. Memphis walikuwa wameshinda 22 kwa misimu miwili mfululizo, kisha 24. Hiyo ndiyo timu tunayoambiwa kwamba "inajijenga upya", na kwa kawaida timu ya namna hiyo huhitaji vitu viwili: vijana wanaojifunza na mashabiki wanaovumilia. Hasheem, mwenye futi saba na inchi tatu, ndiye aliyepaswa kuwa kijana huyo. Alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na sifa ya kuwa mzuiaji hodari wa mitupo kuliko karibu wote wa rika lake. Lakini mpira wa kikapu alikuwa ameanza kuucheza akiwa na miaka 15 hivi. Alipokuwa akipanda jukwaani kuvaa kofia ya Memphis, mchezo wenyewe alikuwa ameujua kwa takribani miaka saba tu.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo hadithi tunayoipenda na hadithi ya kweli zinapoachana njia.

Memphis tayari walikuwa na mtu wa nafasi ileile. Aliitwa Marc Gasol, Mhispania aliyechaguliwa mwaka 2007 akiwa wa 48, yaani chaguo ambalo kwa kawaida hakuna anayelikumbuka. Gasol hakuruka sana wala hakukimbia sana. Lakini alikuwa amelelewa katika klabu za Hispania, amecheza na watu wazima tangu ujana, na anajua pa kusimama. Kiangazi hichohicho timu ikamleta pia Zach Randolph, mchezaji mzoefu aliyehitaji mpira na nafasi chini ya goli. Timu ambayo mwezi Juni ilikuwa inatafuta mtoto wa kumlea, msimu ulipoendelea ilikuwa imeonja ushindi na inautaka zaidi. Msimu huo ilishinda michezo 40.

Hasheem alicheza michezo 68, wastani wa dakika 13 kila mchezo, pointi tatu na ushee. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini huko Dakota Kaskazini, ambako mwezi huo baridi hugandisha pumzi. Hakuna mchezaji aliyewahi kuchaguliwa juu kama yeye kisha akashushwa huko kabla yake. Alirudishwa, akakaa benchi, na Februari 2011 akapelekwa Houston katika mabadilishano ya wachezaji. Miezi miwili baadaye Memphis, wakiwa wa nane na wa mwisho kuingia mchujo wa upande wa Magharibi, waliwatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Ujenzi ulikuwa umekamilika, bila yeye. Mwaka 2013, akiwa Oklahoma City, timu yake ilitolewa kwenye mchujo na haohao Memphis, na Gasol akawa mlinzi bora wa ligi.

Wamarekani walimweka katika orodha za chaguo mbovu kupita yote. Wa tatu baada yake alikuwa James Harden na wa saba Stephen Curry, kwa hiyo orodha hizo hujiandika zenyewe. Lakini nisiwalaumu Wamarekani peke yao. Sisi tulifanya nini? Tuliokuwa tumepanda naye kwenye lile daladala tulishuka mapema sana. Jina lake likawa utani wa vijiweni, la kumwita mtu mrefu asiye na kazi.

Nami nilikuwamo. Kwa miaka kadhaa nimefundisha somo lenye mada ya laana ya rasilimali, na kila nilipofika kwenye tatizo la kuuza mali ghafi, nilimtaja Hasheem kama mfano wa kuchekesha: tumesafirisha korosho isiyobanguliwa, tumesafirisha na mchezaji asiyebanguliwa. Darasa lilicheka kila mwaka. Halafu mwaka mmoja binti aliyekaa nyuma alinyoosha mkono, akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba kuuliza. Kabla hajaondoka, nani alikuwa amepewa kazi ya kumbangua?"

Nilimjibu kitu fulani kirefu. Baadaye ofisini nilijua kwamba sikumjibu. Tangu hapo mfano huo niliuacha, ila sikuwa na ujasiri wa kurudi darasani na kusema kwa nini.

Jibu rahisi ni kwamba alichelewa kuanza, na kwamba aliyechelewa hawezi kufika. Jibu hilo si kweli. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, naye pia alianza kikapu akiwa kijana mkubwa. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari wa binadamu. Alikaa pale miaka minne, wa kwanza bila kuichezea timu ya chuo, akitoka na shahada ya isimu na diplomasia. Denver walipomchagua wa nne mwaka 1991 alikuwa na miaka 25, mtu mzima. Denver nao walikuwa mahututi, msimu uliotangulia walikuwa wameshinda michezo 20 tu. Lakini katika nafasi yake hapakuwa na mtu. Aliingia uwanjani tangu usiku wa kwanza, akakosea mbele ya macho ya watu, akasahihishwa, akaingia tena kesho yake. Msimu huohuo akachaguliwa katika timu ya nyota wa ligi. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, na alipofariki Septemba 2024 Afrika nzima ilimlilia.

Sisemi kwamba Hasheem angekuwa Mutombo. Huenda hakuwa na mikono ile, au hamu ile, na yeye mwenyewe ndiye anayejua. Ninachosema ni kwamba timu inayojijenga upya hujijenga kwa ajili yake yenyewe. Haimjengi kijana. Kijana akiwahi kukomaa kabla ya subira ya timu kwisha, ataitwa shujaa, na subira ikitangulia kwisha, ataitwa hasara. Saa ya kupimia wanayo wao. Na mtoto anayetoka mahali ambapo hapakuwa na wa kumlea mapema huanza mbio hizo huku muda wake umeshaliwa nusu.

Ndiyo maana neno "mtaji" alilolitumia yule mwenye pikipiki lilinikaa vibaya. Madimba tunalijua. Kutoka kwa dada, ukifuata barabara, utafika kwenye uzio wa mtambo wa kusafisha gesi asilia, na kutoka hapo linaanzia bomba la inchi 36 linalokwenda hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, nikiwa mtoto mdogo wa kufukuza ngadu ufukweni. Mtambo na bomba vilizinduliwa mwaka 2015. Katikati yake kuna mwaka 2013, ambao watu wa Mtwara hawauzungumzi mbele ya wageni: maandamano ya Januari, kisha Mei, moto, wanajeshi mitaani, na watu waliopoteza maisha. Tuliambiwa tusubiri, kwamba mkoa utajengwa upya kwa mtaji huu. Yapo yaliyojengwa, sitayakana. Yapo ambayo tunayasubiri bado, na wenye ofisi wanaosoma ukurasa huu wanayajua kwa majina ya mafaili yake.

Ila gesi ilikaa chini ya mchanga zaidi ya miaka 30 na haikuharibika. Mpwa wangu ana miaka 16. Mwakani atakuwa na 17.

Siku ya tatu nilikwenda kumtazama akicheza. Shule ya msingi ya jirani ina milingoti ya mpira wa pete wa wasichana, na huko ndiko anakojifunzia, jioni, wasichana wakishaondoka. Pete ya mchezo ule na ya kikapu zina kimo kilekile, mita 3 na sentimita 5, kwa hiyo katika jambo hilo hajapunjwa. Lakini hakuna ubao wa kugongesha mpira. Na chini ni mchanga. Nilikaa kwenye gogo la mnazi, nikamwona akirusha mpira wa miguu uliochanika ngozi, ukiingia, ukitoka, naye akiuokota pale ulipoangukia, maana mchanga haurudishi mpira. Mtoto huyu anayetakiwa Marekani hajawahi kudundisha mpira hatua kumi mfululizo katika maisha yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakufundisha kurusha hivyo?"

"Nimeona kwenye simu ya rafiki yangu."

Nikamuuliza kama anataka kwenda na yule mtu. Alikaa kimya muda mrefu, akichezea uzi uliotoka kwenye mpira. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye mkeka: "Mjomba, ukienda ukashindwa, wanakurudisha?"

Nikamwambia ukweli ninaoujua. Kwamba Hasheem, baada ya NBA, alicheza Japani, akacheza Taiwan, akaishi kwa kazi ya mikono yake kwa miaka mingi baada ya watu kumzika kwa maneno, na kwamba alirudi nyumbani akavaa jezi ya Dar City, na viwanja vikajaa. Kwamba kurudi kunawezekana. Lakini kwamba yeye alikuwa na nauli. Yule mwenye pikipiki hajasema lolote juu ya nauli ya kurudi.

Jioni ile nilimwambia dada kwamba mikorosho haiwekwi rehani. Nilimwomba namba ya simu ya yule wakala, nikampigia mbele yake, nikamuuliza jina la shule atakayompeleka kijana, jina la kocha, na ofisi iliyosajili shughuli zake. Alisema mtandao unasumbua. Alipopiga tena hakunipigia mimi, alimpigia dada, akamwambia kwamba wasomi ndio wanaorudisha nyuma watoto wa maskini.

Dada hakunijibu kitu usiku ule. Kesho yake asubuhi, akipepeta mchele, aliniambia bila kuinua macho: "Wewe ulisubiriwa. Baba aliuza ng'ombe wawili ukae sekondari, hakukuuliza jina la kocha wako." Nilinyamaza, kwa kuwa ni kweli. Mimi nilipelekwa shuleni kwa imani tupu ya watu ambao hawakujua chuo kikuu kina umbo gani. Tofauti ni kwamba shule ilikuwepo. Ilikuwa na walimu, ubao, chaki na ratiba, na iliniruhusu kufeli hesabu za kidato cha pili nikarudia.

Kwa hiyo nilizunguka siku nne nikitafuta sakafu. Wanafunzi wangu watashangaa kusikia kwamba mwalimu wao wa sera za umma alishindwa kwa siku nne kupata eneo la saruji lenye ukubwa wa nusu ya uwanja wa kikapu. Shule za mjini Mtwara wanavyo viwanja, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku ni mlo wa mtu nyumbani. Mashindano ya UMISSETA yana mchezo wa kikapu, na mwalimu wa michezo wa sekondari anayosoma aliniambia kwa uchungu kwamba huwa wanachagua timu siku ya kuchagua timu, kwa sababu siku nyingine hakuna mpira. Halmashauri hupokea ushuru wa huduma unaotokana na gesi. Nilikwenda kuuliza kama mpango wa bajeti una kifungu cha viwanja vya shule. Nilipokewa kwa heshima sana, nikaombwa niandike barua. Nimeandika, na nakala ninayo.

Sakafu niliipata mahali ambapo ningepaswa kuanzia. Chama chetu cha msingi cha ushirika kina ghala la korosho. Nje ya msimu linakuwa tupu, na chini ni saruji safi, iliyosuguliwa na magunia ya miaka mingi. Katibu wa chama, ambaye nilisoma naye darasa la tano, alikuna kichwa, akasema hakuna kanuni inayoruhusu wala inayokataza, akanipa ufunguo wa akiba kwa sharti kwamba mtoto afagie. Fundi seremala mwenye futikamba alitengeneza ubao wa mbao za mninga, akakataa malipo, akaufunga kwenye nguzo kwa kimo kilekile cha mita 3 na sentimita 5. Mpira nilinunua mjini. Mwalimu wa michezo amekubali kuja Jumanne na Ijumaa, na watoto wengine saba wameshajiandikisha, wawili wao wasichana warefu ambao yule wakala hakuwaona kabisa.

Usiku wangu wa mwisho nilikwenda ghalani kumsikiliza akidundisha. Alifika hatua 14, mpira ukamponyoka ukaviringika hadi mlangoni, akaukimbilia akicheka. Dada alikuwa amesimama nje, mikono kifuani. Hakuingia, wala hakuondoka.

Katibu amenikumbusha kwa ujumbe wa simu jana. Magunia ya korosho yanaanza kuingia Oktoba, na ghala lazima liwe wazi.